Pasi ya Mkaa

Babu yangu Luhwago ndiye aliyepiga pasi bendera ile,
kila Jumamosi, kwa mkaa wa miwati,
akitema mate chumani asikie kama limeiva.
Msalaba uliovunjika mikono ulimsumbua kwenye kona.

Bwana Derfeli alifika Sao Hill na punda mmoja na deni.
Kahawa yake ikaliwa na sakitu.
Kisha ikaja barua yenye muhuri kutoka kwao,
na walowezi wote, Mufindi hadi Dabaga,
wakaanza kumsalimu kwa mkono ulionyooka kama mpini.
Daftarini aliandika: nani kachanga, nani kacheka.
Fundi saa wa Iringa, Mjerumani mwenzake, alicheka.
Kabla ya mavuno mkewe alikuwa akiuza sufuria.

“Nchi hii itarudi,” Derfeli alimwambia babu,
“nawe nitakufanya nyapara.”
Itarudi kwa nani, babu hakuuliza.
Aligeuza shati upande wa pili.

Septemba lori la Waingereza lilikuja kabla ya chai.
Derfeli alitoka na soksi moja,
akaomba shati lake la kahawia.
“Bado bichi, bwana,” akasema babu,
nalo lilikuwa kavu, limekunjwa,
lina joto bado kwapani mwake.

Alikoishia hatujui. Kambini, wengine husema. Wengine, homa.
Daftari liliwashia jiko siku tatu.
Bendera bibi aliikata nepi,
ikachuja rangi,
na mama yangu akatambaa na matako mekundu
hadi mvua za Novemba.