Kuusaka Upepo

Jumatatu usiku, Novemba, kanisa la Kilvorran,
tulizima taa zote tukawasha mshumaa mmoja.
Si kwa ibada; sisi kisiwani hapa si watu wa mishumaa.
Murdina Gillies aliubeba, mimi nikafuata na chaki,
na popote ulimi wa moto ulipoinama
nilichora msalaba mdogo ukutani.

Uliinama mlangoni; hilo tulilijua.
Uliinama chini ya dirisha la Yona,
pale kioo kilipoachana na fremu yake.
Uliinama nyuma ya kinanda
kana kwamba mtu alikuwa akipumua humo.
Kwenye benchi la marehemu mumewe, Torquil,
ulizimika kabisa.
Murdina akasimama gizani, kiberiti mkononi.
"Kumbe ndiyo maana alikuwa akikohoa katikati ya mahubiri.
Nasi tulidhani hakubaliani nayo."

Misalaba arobaini na mitatu.
Nilihesabu mara mbili, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu:
mimi ndiye mtunza hazina, ninayejua
kwamba mwaka uliotangulia tuliteketeza lita elfu tatu za mafuta
ili watu kumi na tisa wakae saa moja na makoti yao.
Joto lilikwea moja kwa moja hadi darini,
likapenya vigae, likawapasha kunguru.
Sadaka za wajane zilikuwa zikipaa, kweli,
ila kupaa kwake kuliishia kwenye paa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Ukuta wetu una unene wa mita nzima na umri wa miaka mia mbili.
Ufa haukujali.
Ulichohitaji ni watu waliouzoea tu.

Tuligombana, bila shaka.
Lachie alisema babu zetu walimwabudu Mungu kwenye baridi
na hakuna aliyewasikia wakinung'unika.
(Walinung'unika. Nimesoma kumbukumbu za vikao vyao.)
Ofisi ya majengo ya kale ilituma barua ya kurasa tisa.
Kisha popo: wako darini, wananyonyesha,
na sheria inawalinda kuliko inavyomlinda mweka hazina.
Tukangoja wana wao waruke.
Tukauza keki, tukauza jemu, tukauza keki tena.

Septemba tulipanda darini na manyoya ya Ruaridh Macaskill,
manyoya ambayo bei yake sokoni haikumlipa hata mnyoaji.
Yalioshwa, yakashindiliwa yakawa magodoro,
tukayatandika kati ya boriti, tukipiga chafya,
harufu ya mvua na mlima ikitujaa puani.
Mchungaji Catriona alitushikia ngazi, akapaza sauti:
"Tangu lini kondoo wakakaa juu, mchungaji chini?"

Nje, kwenye malisho ya kanisa, tulizika mabomba.
Pampu huvuta humo joto dogo,
joto ambalo mkono hauwezi kulihisi,
hulikusanya kama mtu anayeokota masalia ya mavuno.
Makaburi yako ng'ambo ya kitalu cha mawe.
Torquil, aliyechochea lile tanuri miaka thelathini
na kulitukana kwa lugha zote mbili alizozijua,
amelala hatua ishirini kutoka kwenye mfereji.
Siku ile Murdina alileta chai, akautazama udongo ulio wazi,
akauliza kama mabomba yatamsumbua.
Ruaridh akasema hapana.
"Inasikitisha," akasema. "Angependa kuwa na la kufanya."

Tulifuta chaki, msalaba baada ya msalaba, kila ufa ulipozibwa.
Wa benchi lile Murdina aliukataza.
Bado upo, mweupe, saizi ya kidole gumba.

Jumapili ya kwanza ya Januari, theluji ikiwa hadi magotini,
nilimwona akivua glavu. Moja.
Akangoja kidogo, kama asiyeamini,
kisha akavua ya pili, akaziweka juu ya kitabu cha nyimbo.
Nyuma yake Lachie, mtetezi wa baridi ya babu zetu,
alisinzia kabla ya somo la pili.
Hakuna aliyemgusa bega.
Daftarini, chini ya safu ya mafuta, niliandika sifuri,
nikaizungushia duara, nikaitazama
hadi wimbo wa mwisho.