Somo

Matroni aliita jina langu lote,
Sechelela Ndahani Masinga,
tukaitika wawili: abee.
Bweni zima likacheka. Akavua miwani,
akaita tena, polepole, kama anayepima mafuta ya taa.
Abee, nikasema.
Abee, akasema yule mwenye ndoo ya bluu,
na mdomoni mwake mwanya wa baba yangu,
ule ambao mimi sikupewa.

Akatuandika kwa chaki: Sechelela A, Sechelela B.
Mimi A, kwa kuwa ndoo yangu ilitangulia mlangoni.

Likizo ya Juni nikashuka Kigwe.
Mama alikuwa anapeta uwele.
Hakuuliza ni nani, hakuuliza ni wa wapi.
Aliuliza: amezaliwa lini?
Nikamwambia, ni mdogo kwangu kwa miezi minne.
Ungo ukasimama hewani.
Alihesabu kurudi nyuma, mwezi kwa mwezi,
akafika kwenye mvua zile, mimi nikiwa tumboni,
yeye hajiwezi kwa kutapika,
na baba na gengi lake wako Saranda
kwa kuwa mafuriko yamesomba reli.
Mvua ilinyesha kweli.
Reli ilisombwa kweli.
Hicho ndicho kinachomkaba hadi leo:
baba hakusema uongo hata neno moja.

Tangu siku hiyo mama haniiti jina.
Ananiita wewe. Ananiita mtoto. Ananiita njoo ule.
Jina limekuwa chumba chenye mgeni,
haingii bila kubisha, na kubisha hataki.

Baba alikaa kizingitini, kofia magotini:
"Mama yangu ni mmoja. Ningempa mtoto jina la nani?"
Utetezi wake wote ulikuwa huo.
Shangazi Foibe akaja na kuku na methali,
akasema kitanda hakizai haramu.
Mama akamuuliza: kitanda kipi?
Kuku akashinda amefungwa miguu mpaka jioni.

Tulitaka kumficha bibi, mwenye jina lake,
tukakuta ni yeye aliyetuficha.
Kila mavuno alijaza madebe mawili ya karanga.
Moja letu. La pili tulidhani ni la kanisa.
"Yule naye ni somo yangu," alisema,
macho yake yametanda ukungu,
"mkimtukana, mnanitukana mimi."
Shuleni somo lina kipindi, kengele ikilia linakwisha.

Majirani wanamwita mtoto wa nje.
Nje ndiko tunakoanika uwele wetu.
Nje ndiko mama anakokwenda kulia,
nyuma ya zizi, akidhani hatusikii.

Juzi kikaja kifurushi na treni ya asubuhi.
Mwandiko wa mama, herufi zimesimama kama miti ya ua:
jina lote,
bila A, bila B.
Matroni akaita.
Nikamwacha yule aitike kwanza.

Ndani, karanga za kukaanga, kisado kizima,
na mche mmoja wa sabuni
uliokatwa katikati kwa uzi.
Barua hakuna.