Funika Mengine

Mwalimu Ardis Tollefsrud hafundishi kwa chaki.
Hufundisha kwa kipande cha kadibodi
alichokikata kwenye boksi la glavu.
"Funika," asema. "Funika mengine yote.
Bakisha jibu moja, lihoji kama shahidi kizimbani:
kweli, au si kweli?
Likishasema, lishushe. Ita la pili."

Tuko tisa, chumba cha chini cha maktaba, Minot.
Nje ni digrii ishirini chini ya sifuri,
magari yamechomekwa kwenye umeme
kama wagonjwa kwenye dripu.
Mimi ndiye mkubwa wao, miaka arobaini na moja,
viganja bado vina harufu ya visima vya mafuta.
Delphine ananinong'oneza: "Mara nyingi ni matatu."
Ardis ana masikio ya wodi ya usiku.
"Nani kakwambia? Huenda ni yote. Huenda ni moja.
Usihesabu tiki zako kama chenji.
Mgonjwa haumwi kwa idadi."

Swali la nne.
*Mzee anatumia digoksini. Dalili zipi zaonyesha
dawa imegeuka sumu? Chagua zote zinazohusika.*
Nafunika.
Kichefuchefu. Kweli.
Hamu ya kula kuongezeka. Si kweli, nashuka.
Mapigo ya moyo kwenda polepole. Kweli.
Kuona maduara ya njano kuzunguka taa.

Hapo kadibodi inanigandia kidoleni.

Baridi ya mwaka juzi, baba, mlangoni pa zizi,
alisema taa ya uani imevaa taji la siagi.
Nikacheka.
Akasukuma sahani: uzee, nikasema.
Akaketi katikati ya ngazi: uchovu, nikasema.
Nilikuwa natafuta jibu moja la kutosha,
na la kwanza lililokuja nililikaribisha,
nikalifungia mlango, nikalala.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa zahanati, Tove,
binti aliyeshikwa na kwikwi asubuhi ile,
akiuliza katikati ya kwikwi, moja baada ya jingine:
Unakula? Unaona vipi? Vidonge vingapi? Lini?
Alipopata "ndiyo" ya kwanza
hakuweka kalamu chini.
Ndiyo yote. Hakuna muujiza mwingine.
Siku hizi baba hulalamika kahawa ni nyepesi.

Naweka tiki kwenye njano.
Ardis amesimama nyuma yangu, ananuka peremende.
"Corwin. Mbona unarudi juu? Una sababu mpya?"
"Sina."
"Una woga?"
"Ninao."
"Woga si sababu. Shuka."

Kimebaki kisanduku cha mwisho: kiu kali.
Usiku ule baba aliomba maji mara tatu.
Nilimpelekea kwa kikombe cha bluu.
Mkono wangu unataka kukijaza kisanduku hiki,
unataka sana.

Lakini swali halikumuuliza baba.
Nalisoma tena kuanzia juu, neno kwa neno,
kisha nakiacha kitupu.