Kiinua Mgongo

Mgongo umeinuka. Sasa uelekee wapi?
Nina miaka arobaini na saba, mafao yameingia benki,
na Kwandu ametandaza ramani mezani,
pembe moja ameigandamiza kwa chupa ya chai.

Yeye anataka Unguja, "kabla magoti nayo hayajastaafu."
Lugata anataka twiga.
Mama mkwe hataki popote penye ngazi.
Mimi napiga hesabu: ada ya Januari, mabati ya Usagara,
na safari inapungua pembeni, gunia lililoonjwa na panya.

Miaka ishirini na mbili dirishani, Bandari ya Kaskazini,
nimewakatia watu tiketi za Bukoba:
maharusi, wafiwa, wanafunzi na matranka yao.
"Safari njema," nikasema, nikagonga muhuri.

Minza, kitinda mimba, akaacha kulamba kijiko:
"Baba, Bukoba kukoje?"

Nikafungua mdomo.
Nauli naijua. Saa naijua.
Vitanda vya daraja la pili navijua kwa namba.
Kwandu akaiondoa chupa, ramani ikajikunja yenyewe.

Alhamisi tulipanga foleni, watu watano, kwenye dirisha langu.
Mama mkwe akizihesabu ngazi za meli kwa sauti.
Kijana wa ndani hakunijua.
"Safari njema, mzee," akasema,
nami nikageuka nyuma kumtafuta huyo mzee.