Pazia

Yuro arobaini, na ngozi imebanduka.
Bwana Kretschmar, muuzaji, alikohoa:
"Kioo kizima. Pazia, sijui."

Usiku nikazima taa za jikoni,
nikatia tochi ndani ya sanduku.
Nyota! Pazia lote matundu.
Nikaziziba kwa rangi nyeusi na kijiti cha meno,
moja moja, wiki tatu.
Lenzi ilitoka Brno kwa posta,
imevishwa soksi.

Jumapili, kando ya mto Neisse,
nimeinamia ile kofia ndefu kama achunguliaye kisima.
Detlef, hatusemezani tangu asubuhi,
anakwenda kulia; kiooni anakwenda kushoto.
"Simama hapo."

Springi ikalia, kioo kikaruka,
giza.

Nukta niliyoipiga
ndiyo pekee ambayo sikuiona.
Labda alicheka.