Konzi ya Tatu

Kila Jumamosi nilizunguka na gunia,
mimi Biaka, karani wa mchele wa kanisa,
mlango kwa mlango, kileleni hadi bondeni,
vidole vimekufa ganzi kwa ukungu wa milima ya Mizoram.
Desturi yetu, kwa asiyeijua, ni hii:
mwanamke akiinjika sufuria,
kabla maji hayajachemka,
huteka konzi moja ya mchele akaiweka kando.
Hiyo ya Mungu.
Unaobaki ndio wa watoto.

Kopo la Bibi Rokimi lilikuwa la maziwa ya unga,
lina kutu ukingoni, kifuniko chake kipande cha ubao.
Alimimina, akapigapiga kitako kwa kiganja,
pa, pa,
hadi punje ya mwisho ikaanguka,
kisha akaniuliza habari za goti la mama.

Sikumdhania mtakatifu. Alikuwa na ulimi.
Alinifokea kwa tope la viatu vyangu,
akagombana na Vanlali kwa sababu ya nguruwe,
mwezi mzima hawaangaliani.
Halafu Jumapili moja, meza ya Bwana imeshaandaliwa,
akainuka katikati ya ibada, akatoka.
Nikadhani tumbo linamsumbua.
Walirudi wawili, mvua imewalowesha,
hawakushikana mikono, hawakutabasamu,
wakaketi benchi moja.

Ukaja mwaka wa mianzi kutoa maua.
Kwetu ua hilo halipendezi:
mwanzi huzaa panya, panya huzaa njaa.
Shamba lililala na mpunga, likaamka na mabua.
Tukachimba viazi mwitu,
tukachemsha maji matupu ili watoto
wasinzie wakisikiliza sufuria.
Nami nikazunguka na gunia, maana daftari halijui njaa.
"Mungu anaona, Biaka," waliniambia mlangoni,
na mimi nikaandika: hakuna.

Bibi Rokimi hakusema hivyo. Alileta kopo.
Pa, pa.
Nyuma ya ukuta wa kanisa nilisimama,
nikateka konzi mbili, nikazitia mfukoni mwa koti.
Binti yangu alikuwa na miaka mitatu.
Sisemi ili nijitetee.
Nasema kwa kuwa ana jina, anaitwa Zuali,
na alikuwa ameacha kulia.

Juma la pili vilevile. La tatu vilevile.
La nne nikakuta kopo limejaa hadi ukingoni,
na kando yake fundo la kitambaa.
Mashavu yake yalikuwa yamebonyea,
mikono imebaki mishipa.
"Wa kwenye kopo uandike," akasema.
"Huu wa kitambaa usiuandike.
Mtoto hapikiwi mchele wa mfukoni,
una vumbi la tumbaku."
Basi. Akaniuliza habari za goti la mama.

Vanlali ndiye aliyenieleza, miaka baadaye:
mwaka ule Rokimi alipika mara moja kwa siku,
lakini aliteka mara tatu.
Konzi ya chakula alichokula,
konzi ya asubuhi ambayo moto haukuwashwa,
konzi ya mchana ambao aliupitisha kwa maji.
"Kanisa halikuuliza kama nimekula," alimwambia,
"na yule kijana hawezi kuomba."

Siku tulipomzika, mhubiri alisema nguzo, akasema taa,
akasema askari mwema.
Huenda. Mimi nilikuwa nikisikia kiganja
kwenye kitako cha kopo.

Jumapili iliyofuata nilifungua daftari mbele ya wazee,
nikawaonyesha mistari mitatu ya uongo.
Mmoja alilia. Mmoja alitaka niondolewe.
Hrangkima akafuta miwani yake muda mrefu,
akasema gunia limechanika pembeni,
nilishone kabla ya Jumamosi.

Nimelishona. Bado nazunguka.
Kwa Zuali huwa nafika mwisho,
giza limeshaingia, magoti yangu sasa ndiyo ya kuulizwa.
Kopo ni lilelile.
Hupigapiga kitako bila kujua amejifunza wapi,
nami nageuza uso, nikijifanya natafuta kalamu.