Mfukoni mwa Suruali ya Quyet

Mimi ni dobi. Mji wa Hue, kichochoro nyuma ya stesheni,
mashine mbili, kamba saba, na mvua isiyo na adabu.
Pesa za watu nimezikuta mifukoni tangu zikiwa karatasi.
Enzi hizo noti iliingia majini ikatoka uji:
nyuzi za kijivu kwenye kola, tope laini kwenye pindo.
Nilikung'uta, nikaanika, nikanyamaza.
Mwenyewe hakujua. Mimi nilijua nusu.
Maiti ya uji haimdai mtu.

Siku hizi haifi.
Inapita kwenye sabuni, kwenye maji ya moto,
nikifungua mlango wa mashine, hiyo hapo,
imeganda kwenye kioo, safi kuliko shati,
na kile kidirisha chake kinanikodolea.
Nani aliiomba pesa iwe shahidi?

Sisemi ni mbaya.
Mama alificha akiba ya miaka kumi na mmoja
ndani ya pingili ya mwanzi, juu darini.
Mafuriko yakapanda hadi darini.
Tulipoupasua mwanzi zilikuwa zimeshikana
kama wali wa juzi,
akazibandua kwa ncha ya sindano, usiku kucha,
akapata noti nne na nusu.
Ile nusu aliilalia mpaka alipokufa.
Zingekuwa hizi za plastiki, angezifuta kwa mkono wa blauzi
akaenda zake sokoni.
Nikikumbuka hilo, naisamehe plastiki mengi.

Si yote.
Mpya zinagandana: jana nimempa muuza mkaa mbili
nikidhani moja, akaondoka mbio na baiskeli yake.
Ukiikunja inajikunjua, kama mtoto asiyetaka kulala.
Na hii ya elfu ishirini, na hii ya laki tano,
zote samawati! Taa ikififia kidogo tu
umenunua vitunguu kwa bei ya bata watatu.

Sasa ya Quyet, dereva wa lori la saruji.
Alitaka suruali upesi. Sikupekua. Nikabandika pasi.
Harufu ilitangulia.
Nikachomoa kitu kama stempu, kigumu kama ukucha:
laki tano, imesinyaa,
na ile nyumba iliyochorwa mgongoni mwake
sasa ni ya kupangisha sisimizi.
Maji yaliishindwa. Jasho liliishindwa.
Mkono wangu ndio ulioiweza.

Nikapiga hesabu: mashati sitini na mawili, na nusu ya shati.
Zamani ningenyamaza, uji ungenificha.
Alipokuja nikamwekea mezani.
Akakitazama kile kiukucha. Akakipima kwenye kidole gumba.
Nilikuwa nimeshafungua kopo langu la akiba
nikasikia anasema, polepole, si kwangu hasa:
"Wiki nzima namwita mke wangu mwizi."

Labda benki wangeibadilisha, labda wasingeibadilisha.
Hakuuliza. Alitoka ameishika kwa vidole viwili,
akashika njia ya nyumbani, si ya benki,
mvuani, bila kofia.

Suruali ameisahau.
Inaning'inia hapa hadi leo,
mfuko umetoka nje kama ulimi.